Hita ya maji moto: kitu gani hasa kimekufa?

Baridi ya Juni ikianza kushuka Nairobi, Arusha, Mbeya na Njombe, mafundi bomba na mafundi umeme hawapumziki. Hita iliyokaa miezi kadhaa bila mtu kuuliza hali yake sasa inawashwa kila alfajiri, na hapo udhaifu wake unajitokeza. Maji yanatoka vuguvugu, au yanatoka na rangi ya kutu, au breka inakatika kila mtu akifungua shawa. Fundi wa kwanza anasema koili imeungua. Wa pili anasema ni themostati. Muuzaji wa dukani anauliza hita ina miaka mingapi, na akiambiwa tisa anajibu kwamba hiyo imeshamaliza kazi yake. Jirani naye anashauri familia iachane na hita ya umeme iweke sola.

Mwenye nyumba anabaki njia panda, na si kosa lake. Ushauri wote huo una ukweli ndani yake, ila kila mshauri anajibu swali lake. Fundi anasema ni sehemu gani iliyoharibika leo. Muuzaji anakisia mtambo mzima umebakiza muda gani. Jirani anazungumzia gharama ya nishati kwa miaka kumi ijayo. Majibu hayo yakichanganywa, watu wanatupa hita nzima kwa sababu ya koili iliyoungua, na wengine wanaendelea kutia koili mpya kwenye tangi ambalo limeshaoza.

Msimamo wa uchambuzi huu ni kwamba umri wa hita peke yake hautoshi kuamua. Hita ni sehemu nyingi zilizofungwa pamoja, kila moja na muda wake wa kuishi, na karibu zote zinabadilishika. Tangi halibadilishiki. Anayetaka kujua kama muda wa kununua hita nyingine umefika aanze kwa kuuliza hali ya tangi, kisha usalama wa umeme na wa mgandamizo, na baada ya hapo ndipo aangalie gharama.

Jina moja, mitambo mitatu

Tunaposema hita ya maji tunataja vitu vitatu visivyofanana, na kanuni ya kimoja haifai kwa kingine.

Cha kwanza ni shawa ya umeme, ile inayopasha maji papo hapo juu ya kichwa cha anayeoga. Haina tangi. Maji yanapita kwenye koili ya kilowati 5.5 hivi na kutoka yakiwa moto. Kwa kasi ya lita tatu kwa dakika, nguvu hiyo inaongeza joto la maji kwa nyuzi 26 hivi, na ndiyo maana ukifungua bomba zaidi maji yanapoa. Hapa uamuzi ni mwepesi. Koili ikikatika inabadilishwa. Ganda la plastiki likipasuka, au sehemu za kuunganishia nyaya zikiyeyuka, kifaa chote kinaondolewa.

Cha pili ni hita ya tangi. Mara nyingi ni ya lita 50, 80 au 100, ina koili ya kilowati 1.5 hadi 3, themostati, kifaa cha kukata umeme joto likizidi, valvu ya usalama, na tangi la chuma lililozungukwa na povu gumu la kuhifadhi joto. Cha tatu ni sola ya paa, yenye bapa la kioo au mirija ya kioo, na tangi likiwa juu yake. Maji yakipata joto yanakuwa mepesi, yanapanda yenyewe kwenye tangi bila pampu, na yaliyopoa yanashuka kuchukua nafasi. Sola nyingi zina koili ya akiba ndani ya tangi kwa siku za mawingu.

Mjadala mzito uko kwenye hizi mbili zenye tangi, kwa kuwa hapo ndipo fedha nyingi zinapokaa na ndipo uharibifu unapojificha.

Kinachoua tangi

Matangi mengi ya hita ni ya chuma cha kawaida kilichopakwa ndani enameli, aina ya kioo kinachochomwa juu ya chuma kwenye tanuri. Enameli ni kinga nzuri, lakini haikosi vitundu na nyufa ndogo, hasa kwenye maungio na pale koili inapoingilia. Katika nyufa hizo maji yanagusa chuma. Kutu ingeanza mapema sana kama ndani ya tangi kusingekuwa na kijiti cha madini kinachoitwa anodi.

Anodi ni ya magnesiamu au alumini, madini ambayo maji huyala upesi kuliko chuma. Maadamu anodi ipo, yenyewe ndiyo inayoliwa na chuma kinasalimika. Ikiisha, zamu inakuwa ya tangi. Mpya ni fimbo nene, nyororo, yenye waya wa chuma katikati. Ikitolewa baada ya miaka michache utaikuta imejaa mashimo, imekonda huku na huku, na mahali pengine waya wa katikati uko wazi. Waya ukionekana kwa sehemu kubwa ya urefu wake, ibadilishe. Ukitoa waya mtupu, fahamu kwamba tangi limekaa muda bila mlinzi, na hakuna anayeweza kusema kwa hakika limeliwa kiasi gani.

Anodi ni bei ndogo ukilinganisha na hita mpya. Inafungwa kwa nati, na fundi mwenye spana sahihi anaitoa kwa muda mfupi baada ya kuzima umeme na kufunga maji. Hata hivyo, nyumba nyingi hazijawahi kuiona. Masharti ya dhamana ya watengenezaji wengi yanadai ikaguliwe na ibadilishwe kwa wakati, la sivyo dhamana ya tangi inapotea. Karatasi hiyo huishia kwenye boksi, na boksi huondoka siku ya kufunga hita. Tangi linakufa mapema kwa sababu ya kijiti ambacho kingeweza kubadilishwa mara mbili au tatu, na huo ni upotevu unaouma kwa kuwa unazuilika.

Kasi ya anodi kuliwa inategemea maji. Maji yenye chumvi yanapitisha umeme vizuri, na kadiri yanavyoupitisha ndivyo yanavyoila anodi haraka. Kwa hiyo hita ileile inayodumu Njombe kwa maji ya mto inaweza kumaliza anodi yake kwa muda mfupi zaidi Kigamboni au Mombasa kwenye nyumba inayotegemea kisima chenye maji ya chumvi. Kwa maji ya namna hiyo anodi ya alumini hudumu kuliko ya magnesiamu. Matangi ya chuma kisichoshika kutu nayo hayana kinga kamili. Chumvi inayachimba vishimo vidogo, na mara nyingi uvujaji unaanzia kwenye maungio yaliyochomelewa. Anayenunua tangi la aina hiyo ukanda wa pwani aulize daraja la chuma chenyewe, kwa kuwa la 316 linahimili chumvi kuliko la 304.

Adui wa pili ni chokaa. Maji magumu ya visima virefu yakipashwa moto yanaacha ukoko mweupe juu ya koili na chini ya tangi, na ukoko huo unaongezeka sana maji yakipashwa kupita nyuzi 60. Koili iliyofunikwa inashindwa kutoa joto lake kwenye maji, inajiunguza yenyewe. Hita inaanza kunguruma na kugongagonga inapopasha. Sauti hiyo inatisha, lakini tiba yake ni kumwaga tangi, kutoa koili, kukwangua chokaa na kuosha. Si hukumu ya kifo.

Adui wa tatu ni mgao wa maji. Bomba la mtaa likikauka na hita haina valvu ya kuzuia maji yasirudi, maji ya tangi yanaweza kunyonywa kurudi bombani. Koili inabaki hewani, umeme unawaka, na ndani ya dakika chache koili imeungua. Nyumba inayobadilisha koili kila mwaka ichunguze jambo hili kabla ya kulaumu kampuni iliyotengeneza hita.

Dalili zinazosema kweli na zinazodanganya

Maji vuguvugu ndiyo malalamiko ya kawaida kuliko yote, na ndiyo yenye sababu nyingi kuliko zote. Inaweza kuwa themostati iliyoshushwa au iliyokufa, koili yenye ukoko, au familia iliyoongezeka watu huku tangi likiwa lilelile la lita 50. Inaweza pia kuwa umeme wenyewe. Nguvu ya koili hupungua kwa kipeo cha pili cha volti. Umeme wa 230 ukishuka hadi 190, koili inatoa takribani asilimia 68 tu ya nguvu yake. Shawa ya papo hapo katika mtaa wenye umeme mdogo saa moja jioni itaonekana imechoka hata kama ilinunuliwa wiki iliyopita. Kipimo cha volti cha fundi kinamaliza ubishi huo kwa dakika moja, na ni jambo la kusikitisha kuona hita zikibadilishwa bila mtu kukitoa kwenye mkoba.

Maji ya kutu yanahitaji jaribio la ndoo mbili. Fungua bomba la baridi, kisha la moto. Kutu ikiwa kwenye yote mawili, chanzo ni mabomba ya chuma au tangi la akiba. Ikiwa kwenye maji ya moto peke yake, endelea kuyamwaga ndoo kadhaa. Yakisafika, huenda yalikuwa mashapo yaliyokaa chini. Yasiposafika, na bomba la moto la nyumba ni la plastiki, tangi linaoza kwa ndani.

Harufu ya mayai viza kwenye maji ya moto huwakimbiza watu dukani, ilhali kwa kawaida inatoka kwa bakteria wanaofanya kazi na salfa iliyomo majini, wakisaidiwa na anodi ya magnesiamu. Anodi ya alumini yenye zinki na kuosha tangi kwa dawa ya klorini huimaliza.

Kudondoka maji ndiko kunakohitaji jicho la karibu. Tangi la lita 100 likipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60, maji yake yanaongezeka ujazo kwa lita moja na nusu hivi. Yasipokuwa na pa kurudi, yanatoka kwa valvu ya usalama. Valvu inayodondosha wakati wa kupasha na kutulia baadaye inafanya kazi iliyowekewa. Inayovuja mchana kutwa inabadilishwa, au mgandamizo wa bomba unapimwa. Unyevu kwenye maungio ya juu unaweza kuwa wa mpira uliochakaa, au wa mahali shaba na chuma vimegusana vikalana. Yote hayo yanatengenezeka. Lakini maji yakitoka chini ya ganda la nje, kwenye povu, na maungio yote yamekauka, tangi limetoboka. Hapo mjadala umefungwa.

Dalili ya mwisho haina mjadala tangu mwanzo: mtu kuhisi umeme anapogusa bomba au maji. Hita inazimwa kwenye breka saa hiyohiyo. Huenda koili imepasuka ganda lake na waya wa ethi haupo au umekatika. Koili mpya itaondoa shoti ya leo, lakini bila ethi na bila breka inayokata umeme ukivuja, nyumba inasubiri ajali nyingine. Kwenye shawa za papo hapo hatari inazidi kwa maji ya chumvi, kwa sababu nyingi zina koili ya waya mtupu unaozama majini. Maduka yanauza zenye koili iliyofunikwa, mahsusi kwa maji ya chumvi. Palipo na kisima cha chumvi, shawa yenye waya mtupu iondolewe hata kama inafanya kazi vizuri.

Hoja ya umri

Kundi la kwanza linasema badilisha kwa miaka. Tangi likifika miaka 8 hadi 12, usisubiri. Kauli hiyo inarudiwa sana katika miongozo ya Marekani na Ulaya, na wauzaji wetu wameipokea.

Ina nguvu zake. Tangi halitoi notisi ya kutosha. Likitoboka usiku juu ya dari ya jipsamu, gharama ya dari, godoro na nyaya inaweza kuzidi ya hita. Anayenunua akiwa na shida ya leo hachagui, anachukua kilichopo. Anayepanga miezi miwili kabla analinganisha bei, anauliza dhamana, na anamngoja fundi anayemwamini. Kwa hoteli ndogo, zahanati, au nyumba yenye mgonjwa au mtoto mchanga, siku tatu bila maji moto ni gharama halisi.

Udhaifu wake ni kwamba miaka hiyo ni wastani wa maji ya watu wengine. Tangi la miaka 12 lililobadilishiwa anodi kila ilipokonda linaweza kuwa zima kuliko la miaka mitano lililosahauliwa kwenye maji ya kisima. Ukifuata kalenda peke yake unaweza kumwagiwa maji na la pili huku unatupa la kwanza. Umri ufanye kazi ya kengele: ukifika miaka saba au minane, kagua. Kazi ya hakimu hauiwezi.

Hoja ya kutengeneza mpaka mwisho

Kundi la pili, ambalo ndilo kubwa, linasema hita inatengenezwa mpaka ikatae. Vipuri vimejaa Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi. Koili, themostati, mpira na valvu vinapatikana kwa bei ambayo familia inaweza kuitoa bila kuvunja bajeti ya ada. Msimamo huu una heshima yake. Unapunguza taka, unawapa mafundi kazi, na mara nyingi uko sahihi kiufundi, kwa kuwa hita nyingi zinazokataa zina ugonjwa wa sehemu moja ndogo.

Wengine wanauwekea kikomo cha nusu bei: ukarabati ukizidi nusu ya bei ya hita mpya, nunua mpya. Ni kipimo chepesi kukumbuka, lakini kinapima fedha bila kuuliza sehemu. Koili iliyo theluthi moja ya bei ya hita ni fedha iliyopotea ikiwekwa kwenye tangi linalooza. Valvu na anodi ghali kwenye tangi zima ni matumizi mazuri.

Kasoro nzito zaidi iko kwenye aina mbili za ukarabati ambazo hazikupaswa kufanywa kabisa. Ya kwanza ni kuchomelea tangi lililotoboka. Moto wa kuchomelea unavunja enameli pembeni mwa tundu, kinga inaondoka, na tangi linatoboka tena jirani na pale. Ya pili ni kuziba valvu ya usalama kwa plagi kwa kuwa "inasumbua kudondosha". Valvu hiyo ndiyo njia pekee ya kutoka kwa mgandamizo themostati ikigoma. Ndani ya tangi lililozibwa maji yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, na tangi likipasuka sehemu ya maji hayo inageuka mvuke papo hapo, na mvuke unachukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji yaliyouzaa. Kuta zimebomoka kwa sababu hiyo. Ukikuta hita imezibwa valvu, usiiwashe mpaka valvu mpya ifungwe, na fundi aliyeiziba asirudi.

Hoja ya kuhama

Kundi la tatu linasema swali la kutengeneza au kununua limepitwa na wakati, hama kabisa uende kwenye kinachotumia umeme kidogo. Hapa hesabu inasaidia kuliko hisia.

Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunahitaji uniti 4.65 za umeme. Tangi la ukubwa huo likiachwa limewashwa mchana kutwa linapoteza kati ya uniti moja na mbili kwa siku kupitia ganda lake, hata mtu asipooga. Shawa ya kilowati 5.5 kwa dakika kumi inatumia uniti 0.92, kwa hiyo watu watano ni uniti 4.6. Watu wengi wanaamini shawa ya papo hapo "inakula umeme" kuliko tangi, kwa kuwa inavuta kwa nguvu. Kwa matumizi ya siku nzima ziko karibu sawa, na shawa inaweza kuwa nafuu kwa kuwa haihifadhi joto. Shida yake ni nyaya. Inavuta ampia 24 hivi, na nyumba iliyotandikwa nyaya nyembamba itaunguza swichi kila mara, kisha lawama zote zitaishia kwenye hita.

Uniti tano kwa siku ni 150 kwa mwezi. Kwa Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu bei ya chini ya TANESCO ni ya wateja wa nyumbani ambao wastani wa matumizi yao hauzidi uniti 75 kwa mwezi. Hita inaweza kuitoa familia kwenye daraja hilo, na hapo gharama yake inazidi uniti inazozila yenyewe.

Ndipo sola inapovutia. Hata ikibeba asilimia 60 tu ya kazi, inaokoa uniti 90 kati ya hizo 150. Bapa au mirija hudumu miaka 15 na zaidi, na mrija mmoja ukifa unabadilishwa peke yake. Mrija mzima una rangi ya fedha inayong'aa kwenye kitako chake. Ombwe likitoka, rangi hiyo inageuka nyeupe ya maziwa, na mrija huo hauhifadhi tena joto. Mwenye sola anayeona maji yanapoa mapema apande juu, au amtume fundi, ahesabu vitako vyeupe kabla ya kukubali kuuziwa mtambo mzima.

Udhaifu wa sola ni wa kweli pia. Bei ya kuanzia ni kubwa. Paa lazima libebe tangi la lita 200, yaani kilo 200 za maji peke yake kabla ya chuma. Mawingu ya Julai Nairobi yanakuja hasa wakati maji moto yanatakiwa zaidi, kwa hiyo koili ya akiba itatumika. Tangi la sola lina anodi vilevile, na kwa kuwa liko juu ya paa linasahaulika kuliko la bafuni. Pampu ya joto inatumia theluthi moja hivi ya umeme wa koili, lakini bei yake na uhaba wa mafundi vinaifanya kwa sasa ifae zaidi hoteli kuliko nyumba.

Wapo wanaotafuta nafuu kwa kushusha themostati hadi nyuzi 45. Maji ya tangi yakikaa chini ya nyuzi 50 kwa muda mrefu yanaweza kukuza bakteria wa Legionella, wanaoleta nimonia. Yakikaa nyuzi 60 yanababua ngozi kwa sekunde chache. Suluhisho la kati ni kuhifadhi kwa nyuzi 60 na kufunga valvu ya kuchanganya karibu na bomba, hasa kwenye nyumba yenye watoto au wazee.

Anayelipa bili siye anayenunua hita

Sehemu kubwa ya mkanganyiko wa mijini haitokani na ufundi. Mwenye nyumba ananunua hita, mpangaji ananunua tokeni au LUKU. Mwenye nyumba hana sababu ya kifedha ya kuweka sola ambayo itampunguzia bili mtu mwingine, na mpangaji hawezi kuwekeza kwenye paa ambalo atalihama mwakani. Kwa hiyo kinachonunuliwa ni kifaa cha bei ya chini kabisa, na kinachotengenezwa kinatengenezwa kwa bei ya chini kabisa.

Kenya ilijaribu kulivunja fundo hili kwa sheria. Kanuni za 2012 zilitaka majengo yanayohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yafunge sola, na yale yaliyokuwepo yakapewa miaka mitano. Utekelezaji ulisuasua, na ugumu wake si wa kushangaza. Sheria iliwabebesha gharama watu ambao hawakuwa walipaji wa bili. Mahali ambapo mwenye jengo ndiye anayelipa umeme, kama hotelini au bwenini, hoja ya sola inajiuza bila kusukumwa.

Kwa mpangaji, ushauri wenye faida ni mdogo lakini wa haraka: kabla ya kusaini mkataba, aulize hita ilifungwa lini, aone valvu haijazibwa, na iandikwe nani analipia koili na nani analipia tangi. Koili ni matumizi. Tangi, ethi na nyaya ni mali ya nyumba.

Uzito wa kila upande

Hoja tatu zikiwekwa pamoja, kila moja inapata nafasi yake kwa zamu. Ya kutengeneza ndiyo ya kuanza nayo, kwa masharti kwamba tangi limekaguliwa na usalama umekamilika. Ya umri inafaa kutoa tarehe ya ukaguzi, na inapewa uzito zaidi pale uvujaji utakapoharibu vitu vya thamani au pale maji ni ya chumvi na anodi haijawahi kuguswa. Ya kuhama ina nguvu kubwa siku tangi linapokufa, kwa sababu siku hiyo gharama ya kubaki na ya kuondoka zinakaribiana. Kutupa tangi zima ili kuweka sola kunalipa tu kwa familia kubwa inayolipa umeme wake na kukaa kwenye nyumba yake.

Fundi akija, kwa hiyo, utaratibu uwe huu. Apime volti na ethi. Aangalie valvu. Akaushe maungio na kutazama kama povu linalia maji. Atoe anodi. Tangi likiwa kavu na anodi ina mwili, weka koili au themostati mpya bila wasiwasi, hata kama hita ina miaka kumi. Anodi ikiwa waya mtupu na maji ya moto yana kutu na hayasafiki, usitie hata koili. Panga kununua, na kwa sasa funga maji ya kuingilia kila nyumba inapobaki bila mtu. Povu likilia, zima umeme na ufunge maji leo.

Linalobaki ni maandalizi, na hayo hayahitaji hita ife kwanza. Anayejenga sasa, hata kama mfuko wake unaruhusu shawa ya papo hapo tu, atandike waya wa milimita sita za mraba kutoka kwenye breka hadi bafuni, apitishe bomba la maji moto mpaka darini, na aache ncha mbili zilizozibwa karibu na upande wa paa wenye jua. Bomba hilo likiwekwa kabla ya plasta ni gharama ya mita chache. Likitafutwa baada ya vigae kubandikwa, linageuka sababu ya kuahirisha sola kwa miaka mingine kumi.